Torshi ya wakambisti haitoshi: namna mwanga unavyoonyesha sumu ndani ya karanga na mahindi



Kila mutu wa Lubutu anayeuza mazao anamujua kambisti wa soko. Ukimupatia noti ya dola 100, anaikunjua, anatoa torshi ndogo ya mwanga wa zambarau, anaimulika. Kama noti ni ya kweli, uzi mwembamba unawaka ndani yake. Kama uzi hauwaki, anakurudishia noti yako bila maneno mengi.

Sasa kuko watu wanaosema: torshi ile ile inaweza kuonyesha karanga na mahindi yenye sumu. Mulika mufuko, wanasema, na kama hakuna kinachowaka, mazao yako ni safi, uza tu. Wanamemba wanauliza kama ni kweli. Jibu letu ni hili: iko nusu ya ukweli, na nusu ile ingine inaweza kuleta hasara ao hata ugonjwa. Kuielewa, tunapashwa kwanza kujua mwanga ule unatoka wapi, na kisha namna wataalam wanavyotumia punje ndogo sana zinazowaka kwa kupima sumu vizuri zaidi.

Sumu tunayosema ni gani?

Mahindi na karanga zikikauka vibaya, kuvu inaota juu yake. Kuko kuvu za aina mingi, lakini mbili kati yao, zinazoitwa Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus, zinatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Kuvu yenyewe mara nyingi inaonekana, iko sawa unga wa kijani ao wa manjano. Lakini sumu haionekani, haina harufu, na haina ladha ya kuaminika. Unaweza kupangusa kuvu, punje ikawa safi ku macho, na sumu ikabaki ndani.

Sumu hii ilijulikana mwaka 1960 kule Uingereza, wakati batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kisha kula chakula kilichotengenezwa na karanga zilizooza. Karibu na sisi, mwaka 2004, mashariki ya Kenya, mu Makueni na Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waligonjwa kwa kula mahindi yenye aflatoksini, na 125 kati yao walikufa. Mahindi yale yalikuwa ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa ndani ya nyumba yakiwa na maji. Mwaka 2016, mu Dodoma na Manyara kule Tanzania, watu walikufa tena kwa sababu ile ile.

Kufa kwa haraka sivyo vinavyotokea mara nyingi. Mara nyingi mutu anakula kidogo kidogo kwa miaka. Sumu inaharibu maini, na inaweza kuleta kansa ya maini, zaidi sana kwa mutu ambaye tayari ana ugonjwa wa hepatite B. Mama anayenyonyesha anaweza kuipitisha mu maziwa. Na kupika hakuimalizi: bugali ikichemka, karanga zikikaangwa, sehemu kubwa ya sumu inabaki.

Kuko pia jambo la soko. Kongo yetu iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mu jumuiya hiyo, kipimo kinachokubaliwa kwa mahindi ni aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 mu kilo moja, na ile ya aina B1 isizidi 5. Tuweke hesabu hiyo mu lugha ya depo: ukiwa na mifuko 1,000 ya kilo 100, gramu 1 tu ya sumu iliyotawanyika mote inatosha kufikisha mifuko yote ku mupaka huo. Mwezi wa 3 mwaka 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hizi. Ilipoyaruhusu tena kisha siku chache, ilidai yawe na karatasi ya kushuhudia kwamba yako chini ya kipimo cha 10. Malori yalibaki ku mupaka, na walioumia ni walimaji. Koperative inayotaka kuuza mbali inapashwa kujua mambo haya mbele lori haijajaa.

Mwanga wa uzi wa dola unatoka wapi?

Kitu chote kimetengenezwa na chembe ndogo, na ndani ya chembe hizo kuko elektroni. Fikirini elektroni sawa mutoto anayepanda mungazi. Hawezi kusimama katikati ya ngazi mbili, anasimama tu juu ya ngazi yenyewe. Kwa kupanda anahitaji nguvu. Akishuka, nguvu ile inatoka.

Mwanga wa zambarau wa torshi uko na nguvu nyingi. Unapopiga uzi wa dola, elektroni inaichukua nguvu ile na kupanda. Inapoteza kidogo kwa njia ya joto, kisha inashuka, na nguvu iliyobaki inatoka sawa mwanga. Kwa kuwa kidogo imepotea, mwanga unaotoka uko na nguvu kidogo kuliko ule ulioingia. Na mwanga, rangi yake ndiyo nguvu yake: zambarau na buluu ziko na nguvu nyingi, kijani iko katikati, nyekundu iko na kidogo. Ndiyo maana torshi inaingiza zambarau na uzi unatoa rangi ingine: mu noti za kisasa, dola 20 inatoa kijani, dola 50 manjano, dola 100 waridi.

Munaweza kuona jambo hili ku mukutano wa koperative, bila kununua mashini. Twangeni majani mabichi ya sombe, muyatie mu kikombe cha kioo na alkoli kali ya duka la dawa, muchuje. Maji yanakuwa kijani. Zimeni taa, mumulike kwa torshi ya kambisti: maji yale ya kijani yanatoa mwanga mwekundu sawa damu. Ni kijani cha majani kinachochukua zambarau na kurudisha nyekundu. Watoto wasiyanywe, na mutu asitazame torshi ndani ya macho.

Basi juu ya nini torshi haitoshi?

Aflatoksini nayo inawaka. Ikitolewa ndani ya mazao na kusafishwa mu maabara, kisha kumulikwa na mwanga wa zambarau, aina moja inatoa buluu na aina ingine kijani. Majina yao yanatoka pale: B na G ni herufi za kwanza za buluu na kijani mu lugha ya Kiingereza.

Lakini mu mufuko wa mahindi mambo ni mengine. Wakaguzi wa nafaka wanajua kwamba punje za mahindi zilizovunjika, zenye kuvu hii, mara ingine zinatoa mwanga wa kijani-manjano. Mwanga ule hautoki ku aflatoksini yenyewe. Unatoka ku kitu kingine ambacho kuvu inakitoa, kikikutana na maji-maji ya punje mbichi. Kwa hiyo unasema tu: hapa kuvu ya aina hii ilipita. Hausemi sumu ni kiasi gani.

Makosa yanaweza kutokea pande mbili. Punje inaweza kuwaka na kuwa na sumu kidogo sana. Na punje inaweza kukosa kuwaka, na sumu iko ndani nyingi. Tena torshi nyingi za bei kidogo zinatoa zambarau inayoonekana sana ku macho, na rangi hiyo inafunika mwanga dhaifu wa punje. Vumbi, nyuzi za mufuko na hata sabuni ya nguo nazo zinawaka na kudanganya jicho.

Kwa hiyo torshi inaweza kusaidia kuchagua punje za kutiliwa mashaka. Haiwezi kusema mufuko huu ni safi. Mutu akikuambia kwamba hakuna kinachowaka, basi hakuna sumu, umujibu: hapana, hiyo si kipimo.

Punje ndogo kuliko zote: nukta za kwanta

Kwa kupima vizuri, wataalam wanatumia kitu kinachowaka kwa nguvu na kwa rangi wanayoichagua wenyewe. Moja ya vitu hivyo inaitwa nukta ya kwanta. Ni punje ya madini yanayopitisha umeme nusu-nusu, ndugu wa yale yaliyo ndani ya pano sola na ndani ya taa za LED za nyumba zetu. Tofauti ni udogo. Nukta moja ina nanometa 2 hadi 10 hivi, na nanometa 1,000,000 ndiyo milimeta 1. Ukitaka kupanga nukta za nanometa 5 kwa mustari juu ya punje ya mahindi yenye milimeta 10, utahitaji nukta 2,000,000.

Udogo huo unaleta jambo la ajabu. Kwa kitu cha kawaida, rangi inatoka ku aina ya kitu: mkaa ni mweusi, ukiuvunja unabaki mweusi. Lakini nukta za kwanta za madini yale yale zinabadilisha rangi ya mwanga wao kwa ukubwa tu. Madini ya kadmiamu na seleni, nukta za nanometa karibu 2 zinatoa buluu, zile za katikati zinatoa kijani na manjano, na zile za nanometa karibu 6 zinatoa nyekundu.

Juu ya nini? Fikirini ngoma. Ngoma ndogo inatoa sauti nyembamba, ngoma kubwa inatoa sauti nzito, hata kama ngozi na mbao ni za aina moja. Sauti inabanwa na ukubwa wa ngoma. Elektroni nayo, ikifungwa ndani ya punje ndogo sana, inabanwa. Chumba kikiwa kidogo, ngazi za mungazi wake zinaachana zaidi, na ikishuka inatoa nguvu nyingi: buluu. Chumba kikiwa kikubwa kidogo, ngazi zinakaribiana, nguvu inapungua: nyekundu.

Watu 3 walipewa tuzo la Nobel la kemia mwaka 2023 kwa kazi hii. Alexei Ekimov, kule Urusi ya Kisovieti, aliona jambo hili ndani ya vioo vyenye rangi karibu na mwaka 1980. Louis Brus, Marekani, aliliona ndani ya maji mwaka 1983. Moungi Bawendi, ambaye baba yake ni mutu wa Tunisia, alipata mwaka 1993 namna ya kutengeneza nukta zenye ukubwa mumoja, sawa mama anayepepeta muchele mpaka punje zote zinalingana. Bila hiyo, rangi zilikuwa zinachanganyika. Leo nukta hizi ziko mu televisheni zenye maandishi QLED, na ziko mu vipimo vya magonjwa na vya chakula.

Nukta na majirani wake

Nukta ikiwa peke yake inawaka vizuri, hata kama mara ingine inazimika kidogo na kuwaka tena, sawa kimulimuli. Lakini nukta mbili zikikaribiana sana, umbali chini ya nanometa 10 hivi, zinaanza kuongea. Nukta ndogo iliyopata nguvu inaweza kumupatia jirani mukubwa nguvu yake bila kutoa mwanga. Ni sawa ngoma mbili mu chumba kimoja: unapiga moja, na ngozi ya ile ingine inatetemeka. Hapo buluu inapotea na nyekundu inaongezeka. Jirani akiwa ni punje ya zahabu, nguvu inaweza kumezwa kabisa na mwanga kuzimika.

Hata jani la muhogo linafanya hivi kila siku. Chembe nyingi za kijani zinapokea mwanga wa jua na kupitishiana nguvu, moja ku ingine, mpaka inafika mahali chakula cha mumea kinapoanza kutengenezwa. Ndani ya jani zima, nguvu nyingi inakwenda ku kazi. Mu kikombe cha alkoli, kijani kimetolewa mahali pake, njia imevunjika, na nguvu inatoka sawa mwanga mwekundu ule mulioona.

Juu ya nini tunawaambia haya? Sababu yake ni kipimo. Nukta za ndani ya kipimo zikiingiwa na unyevu, ao zikikaa mu joto, zinaweza kushikamana na kuwa vidonge. Zikishikamana, zinapitishiana nguvu, mwanga unapungua na rangi inageuka. Dawa inayoshika sumu nayo inaharibika. Kipimo kama hicho kinadanganya. Mu pori letu lenye mvua karibu mwaka muzima, mufuko wa kipimo uliofunguliwa jana si wa kuaminiwa leo.

Karatasi ya kupima: angalieni, inasomwa kinyume

Wengi wetu tunajua kipimo cha malaria cha ku kituo cha afya: tone la damu, kisha mistari. Mustari mumoja, hakuna malaria. Mistari miwili, uko na malaria. Karatasi ya kupima aflatoksini inafanana nayo ku macho, lakini inasomwa kinyume, na hapa watu wanakosea sana.

Inafanya kazi hivi. Nukta za kwanta zinavalishwa kitu sawa mikono, inayoshika aflatoksini tu. Ku mustari wa kupima, juu ya karatasi, wamekwisha kubandika aflatoksini kidogo. Unasaga karanga, unachanganya na alkoli na maji, unachuja, unatia tone. Maji yanatembea mu karatasi na kubeba nukta.

Kama karanga ni safi, mikono ya nukta iko mitupu. Zikifika ku mustari wa kupima, zinashika sumu iliyobandikwa na kubaki pale. Ukimulika, mustari unawaka sana. Kama karanga ziko na sumu, mikono imejaa tangu mbele, na nukta zinapita bila kusimama. Mustari unawaka kidogo ao hauwaki kabisa.

Kwa hiyo:

– mistari miwili inawaka vizuri: sumu ni kidogo ao haipo;
– mustari wa kupima umefifia ao umepotea, na wa ushuhuda unawaka: sumu iko;
– mustari wa ushuhuda hauwaki: kipimo kimeharibika, tupa jibu, anza tena na kipimo kingine.

Karatasi zingine zinatumia punje za zahabu zinazoonyesha mustari mwekundu bila kumulika, na kwa kawaida nazo zinasomwa kinyume vile vile. Faida ya zile za nukta ni kwamba mashini ndogo inaweza kupima mwanga wa mustari na kutoa hesabu, si ndiyo ao hapana tu. Mara nyingi inaona sumu kidogo zaidi. Mutu akija kupima mazao yenu, mumuombe awaonyeshe mustari wa ushuhuda, tarehe ya mwisho ya kipimo, na hesabu aliyoipata. Ni haki yenu.

Neno moja la kuchunga: nukta nyingi zimetengenezwa na kadmiamu, na kadmiamu yenyewe ni sumu ya figo na mifupa. Mu karatasi moja iko kidogo sana, lakini msizitupe mu shamba la mupunga wala kuzichoma mu jiko. Wekeni mu sanduku na mumurudishie aliyeleta.

Kipimo kizuri juu ya sampuli mbaya ni kazi bure

Sumu haitawanyiki sawa chumvi mu mboga. Punje moja ya karanga inaweza kubeba sumu nyingi sana, na majirani zake wote wakawa safi. Ukichota mukono mumoja juu ya mufuko mumoja, unaweza kuikosa punje ile, na karatasi ikasema safi. Ao unaipata, na koperative nzima inahukumiwa kwa punje moja.

Chukueni kidogo mu mifuko mingi: juu, katikati na chini ya kila mumoja. Changanyeni yote, sageni yote pamoja mpaka iwe unga laini, changanyeni tena, kisha mutoe kidogo cha kupima. Mununuzi akichota mukono mumoja na kukata bei, muwe na neno la kumujibu.

Kinga iko mikononi mwetu

Hakuna mwanga unaoweza kuondoa sumu iliyokwisha kuingia. Kinachotuokoa ni kukausha na kuchagua. Kwetu Lubutu, karibu na ikweta, jua linatoka asubuhi na mvua inapiga mangaribi. Ndiyo maana:

1. Msikaushe juu ya udongo. Tandikeni bashi, ao mutengeneze kitanda cha miti kilichoinuka, na bashi ingine karibu ya kufunika mvua ikija. Mahindi kidogo yanaweza kukauka juu ya dari ya jiko.

2. Pimeni ukavu. Mahindi yanapashwa kuwa na maji karibu 13 kwa mia, karanga zilizotolewa maganda karibu 7. Kama hamuna mashini, tieni mahindi mu chupa kavu na chumvi kavu, mutikise dakika chache, muache itulie. Chumvi ikishika ku kioo, mahindi bado. Karanga za maganda, zitikiseni: zikilia ndani, ziko karibu.

3. Msimwagie karanga maji kwa kurahisisha kutoa maganda, wala kwa kuongeza kilo. Maji hayo ndiyo mulango wa kuvu, na yanaharibu jina la koperative nzima.

4. Chagueni kwa mukono juu ya lungo. Toeni punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye rangi mbaya, zenye kuvu na zenye kutobolewa na wadudu. Kazi hii ya mama zetu inaondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa sababu sumu inapenda kukaa mu punje chache mbaya. Torshi ya zambarau inaweza kusaidia hapa, si kwa kutoa ruhusa.

5. Zile zilizotolewa, msizisage. Karanga ya kusaga inaficha uozo. Msizipatie kuku wala bata: bata anakufa upesi sana kwa sumu hii. Zikeni mbali na shamba.

6. Mu depo, wekeni mifuko juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, na paa lisivuje. Mufuko unaofungwa bila hewa ni muzuri, lakini tu kama mazao yamekauka kabisa.

Mbele ya kuuza

Ku mukutano unaokuja, tunawaomba kila koperative ichague watu 2 wa kuchunga ukavu na kuchagua, mama mumoja na papa mumoja, na iandike mu daftari ya depo: tarehe ya kuvuna, siku za kukausha, jibu la chumvi, kilo zilizotolewa. Mununuzi akiwa na mashaka, daftari hiyo iwe tayari juu ya meza. Na kama mufuko unatiliwa mashaka, usirudi ku nyumba kwa kuliwa na watoto. Hasara ya mufuko mumoja inaweza kulipwa mu musimu mwingine. Ini la mutoto likiharibika, hakuna musimu unaolirudisha.

Kazi njema, na mvua iwaache mukauke.